Moshoeshoe wa Thaba-Bosiu, Mlinzi wa Nchi Ndogo

Mtu akifungua ramani ya Afrika na kutazama upande wa kusini, ataona nchi moja ndogo iliyozungukwa pande zote na nchi moja kubwa, mfano wa kisiwa katikati ya ziwa. Nchi hiyo ndogo ni Lesotho, na jirani anayeizunguka ni Afrika ya Kusini. Eneo lake lapata kilometa za mraba 30,000 tu. Haina bandari, wala mtu hawezi kutoka humo kwenda baharini pasipo kukanyaga ardhi ya jirani. Hata hivyo ina mfalme wake, bendera yake na lugha yake, na tangu tarehe 4 Oktoba 1966 ni taifa huru.

Imekuwaje kipande hicho cha ardhi kisimezwe? Makabila makubwa kuliko Wasotho, yenye askari wengi zaidi, yalipoteza nchi zao katika karne ya 19. Jibu la swali hilo kwa sehemu kubwa lapatikana katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1870, naye ni Mtemi Moshoeshoe. Leo twapenda kuyasimulia maisha yake katika ukurasa huu, maana twaona yana fundisho kwa mataifa, na hata kwa jamaa za Kikristo nyumbani mwao.

Moshoeshoe hakuzaliwa mkuu wa taifa, kwa kuwa taifa la Wasotho halikuwapo bado. Alizaliwa yapata mwaka 1786 katika kijiji cha Menkhoaneng, upande wa kaskazini wa nchi iitwayo leo Lesotho. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa ukoo mdogo wa Bamokoteli, ambao ni tawi la Bakoena, yaani watu wa mamba. Mtoto alipewa jina la Lepoqo. Jina la Moshoeshoe alijipatia ujanani kwa wizi wa ng'ombe, jambo ambalo vijana wa zamani zile waliliona kuwa ushujaa. Aliwanyang'anya jirani mifugo yao kwa wepesi mwingi hata akajisifu kwamba amewanyoa ndevu, na jina lenyewe laiga sauti ya wembe unapopita juu ya ngozi.

Husimuliwa kwamba kijana huyo alikuwa mkali, mwepesi wa hasira, na tena mwenye tamaa ya ukubwa. Basi wazee wakampeleka kwa mtu mwenye hekima aliyesifika nchini, jina lake Mohlomi. Mzee huyo alikuwa mkuu na mganga, lakini zaidi alijulikana kwa kupenda amani na kwa kuwahurumia maskini. Akamfundisha kijana kwamba mtawala huwafunga watu kwake kwa haki na wema, na kwamba yampasa kuwaogopa sana wale wanaowasingizia wenzao uchawi. Mohlomi alifariki yapata mwaka 1815, asiione nchi ikiwaka moto. Mafundisho yake yalibaki moyoni mwa mwanafunzi wake, nayo yakazaa matunda saa ya shida.

Shida ilifika katika miaka ya 1820. Vita vilivyoanza mashariki, upande wa Wazulu, vilisukuma kabila juu ya kabila kuvuka milima. Wasotho huziita nyakati hizo Lifaqane. Vijiji vilichomwa, mashamba yakaachwa, mifugo ikatekwa, na watu maelfu wakatangatanga bila chakula. Wengine waliingia mapangoni wakaanza kula nyama ya binadamu wenzao. Wakati huo Moshoeshoe alikuwa amekwisha kuhamia mlima wa Butha-Buthe, na mwaka 1824 Batlokoa wakamzingira huko mpaka watu wake wakakaribia kufa kwa njaa. Alipoona mlima ule hautoshi, aliwatuma wajumbe kutafuta ngome nyingine, ndipo akawaongoza watu wake kuelekea kusini katika majira ya baridi kali.

Safari hiyo ilimgharimu. Njiani wala-watu waliwavizia walioachwa nyuma, wakamkamata babu yake mzee, Peete, wakamwua na kumla. Waliosalia wakafika jioni kwenye mlima wenye kilele bapa kama meza, wenye chemchemi za maji na malisho juu yake, na wenye njia chache nyembamba za kupandia. Wakauita Thaba-Bosiu, maana yake Mlima wa Usiku. Tangu siku hiyo mlima huo ukawa makao ya Moshoeshoe hadi kufa kwake, wala hakuna jeshi lililowahi kuuteka alipokuwa hai.

Baadaye wale waliomla babu yake waliletwa mbele yake. Watu wote walitazamia kwamba atawaua, na kwa desturi za zamani zile hakuna ambaye angemlaumu. Moshoeshoe akakataa. Alisema kwamba miili ya watu hao imekuwa kaburi la babu yake, na si adabu kwa mjukuu kulivunja kaburi la mzee wake. Akaamuru wafanyiwe matambiko ya kuwatakasa, kama yafanywavyo kaburini, akawapa ng'ombe na mahali pa kukaa ili waanze tena maisha ya watu. Moshoeshoe hakuwa Mkristo, wala hakuwa bado amewaona wahubiri wa Injili. Lakini sisi tuliofundishwa tangu utoto kuwasamehe wanaotukosea tuna haja ya kusimama kidogo mbele ya tendo hilo na kuitazama mioyo yetu.

Habari zikaenea kwamba yuko mtemi mlimani asiyewafukuza wakimbizi. Basi wakaja kutoka kila upande, wenye lugha mbalimbali na miiko mbalimbali, wengine bila mbuzi hata mmoja. Moshoeshoe aliwakopesha ng'ombe kwa desturi iitwayo mafisa: maskini huwachunga ng'ombe wa mtemi, hutumia maziwa yao na nguvu zao, na mali yenyewe hubaki ya mwenyewe. Kwa njia hiyo aliyefika mtupu alipata chakula leo na sababu ya kuilinda nchi kesho. Hivyo ndivyo taifa la Wasotho lilivyoanza: lilikusanywa kutoka kwa watu waliofukuzwa makwao.

Tuangalie sasa jinsi alivyokaa na jirani wakubwa. Kwa Shaka, mfalme wa Wazulu, Moshoeshoe alijua kwamba hana nguvu za kupigana. Basi alimpelekea zawadi za heshima, hasa manyoya ya korongo, ambayo Wazulu waliyathamini sana kwa mapambo ya askari. Hakuona aibu kujiita mdogo mbele ya aliye mkubwa, kwa kuwa heshima hiyo ilikuwa na gharama ndogo kuliko damu ya vijana wake.

Mwaka 1831 alijaribiwa kwa namna nyingine. Jeshi la Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, lilikuja kuushambulia mlima. Wasotho waliporomosha mawe na kurusha mikuki kutoka juu, na adui hao, waliozoea kushinda, wakarudishwa nyuma. Walipokuwa wakijikusanya waende zao kwa aibu na njaa, waliona wajumbe wa Moshoeshoe wakiwafuata na ng'ombe wanono. Ujumbe ulikuwa kwamba mtemi amedhani ni njaa iliyowaleta katika nchi yake, basi wapokee chakula cha njiani. Jeshi la Mzilikazi halikurudi tena kumshambulia. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi juu ya kumlisha adui mwenye njaa. Mtemi huyu alilitenda neno hilo kabla ya kulisikia.

Hapa twaona shina la siasa yake yote. Watu wengi hutafuta amani wanaposhindwa, maana hapo hawana la kufanya. Moshoeshoe aliitafuta alipokwisha kushinda, wakati adui ameona aibu na hasira bado i moto. Alijua kwamba adui aliyeshindwa na kudharauliwa hurudi, na nchi ndogo haiwezi kushinda kila mwaka. Kwa hiyo alimwachia adui mlango wa kutokea, apate kwenda zake bila kupoteza heshima yote.

Mwaka 1833 walifika wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa: Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin. Moshoeshoe mwenyewe alikuwa amewatafuta walimu, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mahali walipo wamisionari watu hupata utulivu na elimu. Aliwapa mahali pa kujenga palipoitwa Morija. Casalis akawa rafiki na mshauri wake, na kwa miaka mingi ndiye aliyemwandikia barua kwa magavana wa Kiingereza. Mtemi huyo aliyekulia bila kujua kusoma alitambua upesi kwamba katika dunia mpya inayokuja, karatasi inaweza kuinyang'anya nchi kama mkuki, na kwamba karatasi hujibiwa kwa karatasi.

Haja ya karatasi ilikuja haraka. Tangu katikati ya miaka ya 1830 Makaburu walianza kutoka katika koloni la Waingereza la Rasi, wakitafuta ardhi kaskazini. Wa kwanza waliomba malisho ya muda, na Moshoeshoe akawaruhusu kupita na kulisha. Wao, baada ya kujenga nyumba na kulima, waliona kwamba nchi ni yao. Kwa mawazo ya Wasotho ardhi haiuzwi. Mtemi humpa mtu mahali pa kutumia, naye akiondoka ardhi yarudi kwa wote. Kwa mawazo ya wageni ardhi ni mali ya mtu kama vile shoka au farasi. Kutokana na tofauti hiyo vilizaliwa vita vya miaka 30.

Moshoeshoe akapima nguvu za kila mmoja. Aliona kwamba Makaburu wanataka mashamba yake, nao Waingereza wanataka zaidi utulivu mpakani. Basi akaegemea upande wa Waingereza. Mwaka 1843 alifanya mkataba na Gavana Napier, akatambuliwa kuwa rafiki wa koloni na kuahidiwa pauni 75 kila mwaka kwa fedha au silaha. Walakini urafiki wa mkubwa una mashaka yake. Mwaka 1848 Waingereza walitwaa nchi yote kati ya mito Orange na Vaal, na mwaka uliofuata Meja Warden alichora mpaka ulioipunguza sana nchi ya Wasotho. Mtemi alilalamika kwa barua, bila kusikilizwa. Mwaka 1851 Warden alijaribu kwa nguvu, akashindwa vitani mahali paitwapo Viervoet.

Ndipo Desemba 1852 akaja Gavana mwenyewe, Sir George Cathcart, pamoja na jeshi la askari na mizinga. Alidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 katika muda wa siku tatu, kuwa fidia ya wizi na vita. Moshoeshoe alipeleka ng'ombe 3,500, akiomba muda zaidi. Cathcart hakungoja. Tarehe 20 Desemba aliwapeleka askari wake kwenye uwanda wa Berea, na huko wakakutana na Wasotho maelfu waliopanda farasi wenye bunduki. Waingereza 38 walikufa. Walipata ng'ombe wengi, lakini jioni Gavana alielewa kwamba vita hivyo vyaweza kuwa virefu na vya aibu.

Usiku ule ule, wana wake wakishangilia, Moshoeshoe aliandikisha barua. Hakujisifu hata kwa neno moja. Alimwambia Gavana kwamba ameonyesha nguvu zake, ameadhibu na kutwaa ng'ombe, basi yatosha. Naye aomba asihesabiwe tena kuwa adui wa Malkia. Cathcart aliipokea barua hiyo kwa furaha, akatangaza kwamba ameridhika, akaondoka na jeshi lake. Siku hiyo Wasotho walikuwa na haki ya kujiita washindi. Mtemi wao aliuacha ushindi uandikwe katika vitabu vya Gavana, ili nchi ibaki kwa Wasotho.

Mwaka 1854 Waingereza walijitoa katika nchi hiyo, na Makaburu wakaunda jamhuri yao ya Orange Free State. Sasa Moshoeshoe alibaki uso kwa uso na jirani mwenye njaa ya ardhi. Katika miaka hiyo alijitahidi kuitengeneza nchi yake ndani. Mwaka 1854 alipiga marufuku pombe kali za Kizungu, mwaka 1855 akakataza watu kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, kama Mohlomi alivyomfundisha, na mwaka 1859 akatoa sheria kwamba wageni waweza kufanya biashara nchini lakini hawatamiliki ardhi. Twaomba wasomaji waitazame sana sheria hiyo ya mwisho. Kwa sababu yake, kwa sehemu kubwa, Mzungu hakupata kuwa mwenye shamba katika Lesotho.

Vita vya kwanza na Makaburu vilikuja mwaka 1858. Majeshi yao yalifika karibu na Thaba-Bosiu, huku Wasotho wakipita pembeni na kuvamia mashamba yao nyuma, hata wakalazimika kurudi makwao. Amani ilifanywa mjini Aliwal North kwa upatanishi wa Gavana Sir George Grey. Lakini Moshoeshoe alikuwa amezeeka, na aliyaona mambo ya mbele. Bwana Wetu alisimulia habari ya mfalme anayeketi kwanza na kuhesabu, kama kwa watu 10,000 ataweza kukutana na anayemjia na watu 20,000, na akiona hawezi, hutuma wajumbe adui angali mbali. Moshoeshoe alifanya hesabu hiyo. Mwaka 1862 aliwaeleza wajumbe wa Gavana Wodehouse kwamba ataka ulinzi wa Malkia Victoria, kwa sharti kwamba awatawale watu wake mwenyewe kwa sheria zao.

Mwaka huo huo, Februari 1862, wageni wengine walipanda Thaba-Bosiu, nao ndio waliolileta Kanisa Katoliki katika nchi hiyo. Walikuwa Askofu Jean-François Allard na Padre Joseph Gérard, wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata. Padre Gérard alikuwa kijana wa miaka 30, mzaliwa wa Ufaransa, naye alikuwa ametaabika miaka kadhaa kati ya Wazulu wa Natal bila kupata waongofu. Moshoeshoe aliwapokea kwa heshima, akawapa bonde zuri si mbali na mlima wake. Misioni hiyo iliitwa Kijiji cha Mama wa Yesu, na baadaye ikajulikana kwa jina la Roma. Mwaka 1863 ilipofunguliwa rasmi, mtemi mwenyewe alihudhuria. Yeye aliyewapokea Waprotestanti miaka 29 kabla hakuona sababu ya kuwafukuza Wakatoliki, wala kuwagombanisha wageni wake. Padre Gérard alifanya kazi kati ya Wasotho hadi kufa kwake mwaka 1914, na mwaka 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri huko Maseru.

Mwaka 1865 Makaburu chini ya Rais Brand walianza vita vikubwa. Kamanda wao Louw Wepener aliuawa Agosti mwaka huo akijaribu kuupanda mlima. Mlima haukuanguka, lakini mashamba chini yake yalichomwa na mifugo ikatekwa. Makaburu walikuwa wamejifunza kwamba asiyeweza kuipata ngome aweza kukiharibu chakula. Tena nyumba ya mtemi haikuwa na umoja. Kwa miaka mingi baadhi ya wana na wakuu wake walikuwa wakivuka mpaka kuiba ng'ombe, wakimpa adui kisingizio, na baba hakuweza kuwazuia. Mwaka 1866 mwanawe Molapo alifanya amani yake peke yake na Makaburu. Aprili mwaka huo mzee naye alilazimika kutia sahihi mkataba uliowapa sehemu kubwa ya mashamba mazuri. Wasotho waliuita amani ya mtama, maana waliikubali ili wapate kuvuna wasife njaa.

Vita vilirudi mwaka 1867, na nchi ikawa karibu kufutika. Moshoeshoe hakuacha kuandika. Mwisho Gavana Wodehouse alikubali, na tarehe 12 Machi 1868 akatangaza kwamba Wasotho ni raia wa Malkia na nchi yao ni ya Uingereza. Makaburu walilazimika kusimama. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka: mwaka 1869 Waingereza walipopatana na Makaburu juu ya mpaka, mashamba yenye rutuba upande wa magharibi wa mto Caledon, ambao Wasotho huuita Mohokare, yalikwenda moja kwa moja. Wasotho walibaki na milima na ukanda mwembamba wa ardhi ya kulima.

Mtemi Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya Thaba-Bosiu. Alikufa kabla ya kubatizwa, ijapokuwa alikuwa amewasikiliza wamisionari kwa miaka mingi na kuwaruhusu watu wake kuipokea imani. Alikuwa na wake wengi, kwa kuwa kila ndoa ilimfunga na ukoo mwingine, na Kanisa haliwezi kulisifu jambo hilo. Hata hivyo baadhi ya wake zake walioongoka aliwapa uhuru wao. Yaliyobaki twamwachia Mungu, anayejua kupima mioyo kuliko sisi.

Wako wanaosema kwamba upole wake haukumfaa, kwa kuwa aliipoteza ardhi bora, tena akaingia chini ya bendera ya wageni. Neno hilo lina ukweli wake, wala hatutaki kulificha. Alinunua maisha ya taifa lake kwa bei kubwa, na Wasotho wanailipa bei hiyo hadi leo kila wanapokwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto. Lakini yafaa kuuliza pia kile kilichonunuliwa. Ilipoundwa Muungano wa Afrika ya Kusini mwaka 1910, nchi ya Moshoeshoe haikuingizwa ndani yake. Sheria za ubaguzi zilipotungwa mwaka 1948 na baadaye, ziliishia mpakani. Nchi ikapata uhuru wake mwaka 1966, na wakimbizi kutoka Afrika ya Kusini wakapata hifadhi katika milima ile ile. Hifadhi hiyo nayo ililipiwa: tarehe 9 Desemba 1982 askari wa makaburu waliushambulia mji wa Maseru usiku na kuwaua watu 42. Sisi Watanzania, tuliowapokea wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini huko Mazimbu na Dakawa, twaweza kuelewa kwamba kumpokea mgeni ni wema wenye gharama.

Wengine huona kwamba upole ni jina jingine la woga. Maisha ya Moshoeshoe yalikanusha jambo hilo. Mwoga hutoa zawadi ili aachiwe. Yeye alitoa zawadi akiwa juu ya mlima ambao hakuna aliyeweza kuupanda. Alikuwa na bunduki, farasi na mashujaa, naye alipigana ilipobidi. Lakini aliona kwamba silaha humrudisha jirani nyuma kwa siku moja, na baada ya siku hiyo jirani bado ni jirani. Milima haihami, wala mito. Wafaransa na Wajerumani wapo pale walipo, Wasotho na watu wa Afrika ya Kusini wapo pale walipo, na sisi pia tuna majirani upande wa kaskazini, magharibi na kusini ambao hatukuwachagua na hatuwezi kuwahamisha.

Jambo hilo lahusu pia kiambaza kati ya nyumba na nyumba. Mara ngapi jamaa za Kikristo hushinda kesi ya shamba barazani, kisha zikaupoteza ujirani kwa sababu mshindi aliimba njiani? Mara ngapi mume au mke hushinda mabishano, naye hamwachii mwenzake neno hata moja la kujifunikia aibu? Wazazi wanaowafundisha watoto kushinda wafanya vema. Wawafundishe pia la kufanya jioni ya ushindi, maana hapo ndipo amani hupatikana au kupotea.

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lesotho yaelea katikati ya jirani mkubwa kwa sababu mtu mmoja aliiunda kwa subira ya miaka karibu 50, akitumia ng'ombe, barua na samaha. Tuwaombee viongozi wa mataifa madogo na makubwa, hasa wale wenye nguvu leo, ili wakumbuke kumwachia aliyeshindwa njia ya kwenda nyumbani. Na Mwenyeheri Joseph Gérard, aliyewatumikia watu wa Moshoeshoe kwa miaka zaidi ya 50, atuombee tupate moyo wa namna hiyo kwanza katika nyumba zetu wenyewe.